Kwa Nini Do Huhama: Nadharia ya Muziki ya Mwaka wa Kwanza kwa Mwanakwaya wa Kusini

Mwanakwaya wa Mtwara au Lindi anayepata nafasi ya kusoma muziki chuoni, iwe katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makumira mkoani Arusha, huingia darasani akiwa na mtaji ambao mara nyingi yeye mwenyewe hautambui. Anasoma solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi za do, re, mi. Sikio lake limelelewa ndani ya sauti nne, na kama ni mtu wa besi anajua, bila kuambiwa na mtu, ni wapi besi itatua wimbo unapokaribia kwisha. Pamoja na hayo, si ajabu kumsikia akilalamika kwamba somo linalomwelemea kuliko yote ni nadharia, yaani lile lile ambalo kwa nusu yake amelifanya kila Jumamosi mazoezini tangu akiwa mtoto.

Ugumu huo hautokani na wingi wa mambo ya kukariri. Unatokana na fundo moja, nalo ni kwamba chuo hutumia kwa wakati mmoja mifumo miwili ya kutaja sauti, na mifumo hiyo haitaji kitu kimoja. Mmoja unataja sauti yenyewe, na mwingine unataja kazi ambayo sauti hiyo inaifanya ndani ya wimbo. Cheo cha mwenyekiti wa kijiji kipo Kitangari na kipo Nyangao, na majukumu yake ni yale yale, ingawa anayekikalia huku siye anayekikalia kule. Do, re, mi, fa, so, la na ti ni vyeo. C, D, E, F, G, A na B ni majina ya watu. Mwanafunzi anayekariri kwamba do ni C, kwa sababu tu mfano wa kwanza ubaoni ulikuwa wa C, amechanganya mtu na cheo, na atasumbuka hadi mtihani wa mwisho.

Inafaa kujua mifumo hii ilitoka wapi, kwa sababu historia yake inaeleza tabia yake. Katika karne ya 11, mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo alitafuta njia ya kuwafundisha waimbaji nyimbo wasizowahi kuzisikia. Aliutumia utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane, ambao kila kifungu chake kilianza kwa sauti iliyopanda hatua moja kuliko kifungu kilichotangulia, akachukua silabi za mwanzo za vifungu hivyo: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na ya saba ikaongezwa. Karne nyingi baadaye huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich alitengeneza njia ya kuandika muziki kwa herufi za silabi hizo, na mchungaji John Curwen, aliyeishi kati ya 1816 na 1880, akaiboresha na kuieneza. Faida yake kubwa ilikuwa bei. Solfa huchapwa kwa herufi za kawaida za mashine yoyote ya kuchapia, wakati nota za mistari mitano zilihitaji fundi na vifaa maalumu. Wamisionari waliipenda kwa sababu hiyo, na ndiyo iliyosafiri nao kwenda sehemu nyingi za Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao leo Watanzania huuimba kama Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa solfa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kusini anayeona haya kusema chuoni kwamba anajua solfa peke yake hana sababu ya kuona haya.

Tuitazame karatasi ya kwaya kwa karibu, ile iliyotolewa nakala mara nyingi hadi mkato na nukta vimeanza kufanana. Juu kushoto pameandikwa Do = G. Chini yake kuna safu nne za herufi, kila sauti na safu yake. Nukta pacha hutenga pigo na pigo; nukta moja hukata pigo katikati; mkato hukata nusu ya pigo tena, ukapata robo; kistari huendeleza sauti iliyotangulia; na alama ndogo iliyoning'inia chini ya herufi huishusha sauti oktavu moja, yaani hadi ile yenye jina lile lile iliyo chini yake. Mstari wa wima hutangulia pigo lenye uzito. Tuseme wimbo unaanza kwa so ya chini, do, re, mi. Kwa kuwa do ni G, sauti hizo ni D, G, A, B. Mwalimu akiona soprano zimezama mno chini, akasema, "Leo do ni B flati," hakuna herufi hata moja itakayobadilika kwenye karatasi, lakini sauti zinazotoka vinywani sasa ni F, B flati, C, D. Wanakwaya wote wamehamisha kii, yaani sauti inayoshika cheo cha do, bila kujua kwamba chuoni jambo hilo lina sura nzima ya kitabu na maswali yake ya mtihani.

Mistari mitano haifanyi hivyo, kwa sababu haijui vyeo hata kidogo. Klefu iliyo mwanzoni mwa mistari humtaja mtu mmoja, na wengine wote huhesabiwa kutoka kwake: klefu ya soprano na alto hujikunja kwenye mstari wa pili kutoka chini na kusema hapa ni G, ile ya besi huweka nukta zake mbili juu na chini ya mstari wa nne na kusema hapa ni F. Kuanzia hapo kila mstari na kila nafasi ina mwenyewe wa kudumu. Ukihamisha wimbo kutoka G kwenda B flati, unaandika upya kila nota. Huo ni usumbufu kwa mwimbaji, lakini ni nafuu kubwa kwa mpiga kinanda na mpiga tarumbeta, ambao vidole vyao vinataka kujua ni ufunguo gani wa kubonyeza, wala havina haja ya kujua cheo chake. Mabishano ya kwamba mfumo upi ni bora, ambayo huwaka sana baina ya walimu wa kwaya, kwa maoni yangu hayana tija. Mwanamuziki aliyesoma huiona nota kwenye mistari, huitaja kwa herufi, na kichwani huisikia kwa solfa.

Sasa swali linalowachanganya wengi: shapu na flati, yaani alama za kupandisha na kushusha sauti kwa nusu toni, zinatoka wapi? Jibu limo ndani ya ngazi ya do re mi yenyewe. Hatua zake hazilingani. Kutoka do hadi re ni toni nzima, re hadi mi toni nzima, mi hadi fa nusu toni. Kisha fa hadi so, so hadi la na la hadi ti ni toni nzima kila moja, na ti hadi do ni nusu toni. Mpangilio huo ndio skeli ya meja, na sikio la mtu aliyeimba nyimbo za kanisani linaujua kiasi kwamba likisikia fa imepanda kidogo huhisi kuna jambo. Kwenye kinanda, funguo nyeupe nazo hazilingani: kati ya E na F hakuna ufunguo mweusi, na kati ya B na C pia hakuna, kwa hiyo hapo pana nusu toni tu. Ukianzia C, nusu toni za kinanda zinaangukia pale pale zinapotakiwa, yaani mi na fa, ti na do. Ukianzia G, mambo yanakwenda sawa hadi E, ambayo ni la. Ti inapaswa kuwa toni nzima juu ya la na nusu toni chini ya do, lakini F nyeupe iko nusu toni tu juu ya E na toni nzima chini ya G. Inabidi ipandishwe, na ndiyo maana kii ya G ina shapu moja, F shapu. Ukianzia F, taabu inakuwa kwenye fa: A hadi B ni toni nzima mahali panapotakiwa nusu, kwa hiyo B inashushwa kuwa B flati.

Hakuna kingine cha ajabu katika alama zile zinazopangwa mwanzoni mwa mistari. Hazikuwekwa kumtesa mwanafunzi; ni marekebisho ya majina ili vyeo vikae vilipozoea kukaa. Duara la tano, mchoro unaobandikwa kwenye kuta za madarasa ya muziki, ni orodha ya marekebisho hayo kwa mfuatano: kila unapohamia kwenye so ya kii uliyopo na kuifanya do mpya, shapu moja huongezeka, C, G, D, A, E, na kila unapohamia kwenye fa, flati moja huongezeka, F, B flati, E flati, A flati. Mchoro huo haufai kukaririwa kabla ya kueleweka.

Mwanakwaya ana mfano mwingine hai wa jambo hili, nao ni ile fe inayojitokeza katikati ya ubeti. Fe ni fa iliyopandishwa nusu toni. Katika kii ya G, fa ni C, kwa hiyo fe ni C shapu. Lakini C shapu ndiyo ti ya kii ya D, na D ndiyo so ya G. Kwa maneno mengine, fe inapoonekana, mara nyingi wimbo unanyemelea nyumba ya so na kuifanya so ijione kuwa do kwa muda. Ziara ikiwa fupi, mwandishi wa solfa anaweka fe na kurudi. Ikiwa ndefu, anaandika herufi mbili kwenye nota ile ile, ndogo ya kii ya zamani na kubwa ya kii mpya, na kuanzia hapo wanakwaya wanaimba kwa vyeo vipya. Chuoni mwanafunzi huyo huyo ataambiwa kwamba wimbo umehamia kwenye kii ya daraja la tano, na atatakiwa kuonyesha nota inayothibitisha. Ataitafuta shapu mpya kwenye mistari, ataikuta, na hiyo ndiyo fe aliyoimba miaka yote.

Kii ndogo, ambazo darasani huitwa maina, nazo husumbua kwa sababu inayofanana na hiyo. Katika solfa ya Curwen nyumba yake ni la. E maina na G meja zinatumia sauti zile zile na shapu ile ile moja, isipokuwa wimbo wa E maina unapumzika kwenye la badala ya do, na mara nyingi, ukikaribia kutua, so hupandishwa kuwa se, yaani D inakuwa D shapu, ili kuwe na nusu toni ya kuivuta sauti kwenda nyumbani. Walimu wengine wa vyuo huiita nyumba ya maina do na kuishusha mi yake. Njia zote mbili ni sahihi. Mwanafunzi aulize mapema ni ipi inayotumiwa na mtahini wake.

Kodi, kwa maana ya sauti tatu au zaidi zinazosikika kwa pamoja, ni eneo ambalo mtu wa kwaya husonga haraka. Chukua do, ruka re, chukua mi, ruka fa, chukua so: umepata kodi ya kwanza. Fanya hivyo kuanzia fa, upate fa, la, do. Fanya kuanzia so, upate so, ti, re. Kodi hizi tatu, ya kwanza, ya nne na ya tano, zinabeba idadi kubwa ya nyimbo za ibada na za dansi, na mpiga gita anayepiga kwa kii ya G anazijua kama G, C na D. Zote tatu ni meja, maana yake kutoka sauti ya chini hadi ya kati kuna nusu toni nne, na kutoka ya kati hadi ya juu kuna nusu toni tatu. Kodi zinazoanzia re, mi na la zimegeuza mpangilio huo, tatu chini na nne juu, na hizo ni maina. Ya ti ina tatu na tatu, na ndiyo maana haitulii. Wimbo unapofunga kwa kodi ya tano kwenda ya kwanza, wanafunzi hufundishwa kuuita mwisho huo kituo kamili. Ya nne kwenda ya kwanza ndiyo Amina ya mwisho wa wimbo kama inavyoimbwa katika makanisa mengi.

Ugomvi huanza kwenye sheria za kupanga sauti nne. Mwanafunzi anaandika soprano na besi zikipanda pamoja zikiwa zimeachana kwa umbali wa tano, kama ule wa do na so, na mwalimu anapiga mstari mwekundu. Sababu inayotolewa ni kwamba sauti mbili zinazotembea sambamba kwa tano kamili au kwa oktavu hupoteza uhuru wake na kusikika kama moja iliyonenepeshwa. Sababu hiyo ina maana ndani ya mtindo uliozaa sheria hizo, yaani uandishi wa Ulaya wa zama za Johann Sebastian Bach, aliyeishi kati ya 1685 na 1750. Haina maana kwamba usambamba ni kosa la kimuziki popote duniani. Katika jamii nyingi za Kibantu, kuimba sambamba ni chaguo la makusudi, na uzuri wake umo katika huko kunenepa. Ningependa vitabu viseme hivyo katika ukurasa wa kwanza badala ya kumwacha kijana aamini kwamba nyanya yake alikuwa akikosea. Hata hivyo, sheria zinafaa kujifunzwa, kwa sababu humlazimisha mwandishi kusikiliza mistari minne kwa wakati mmoja, na mtunzi anayeweza kusikia mistari minne anaweza pia kuamua kwa hiari lini aizike miwili katika mmoja.

Upande wa mapigo ni mzito zaidi, na hapo mtu wa Kusini ana faida nyingine. Alama ya mapigo ya 3/4 na ile ya 6/8 zinawachanganya wanafunzi kwa sababu kipimo, ambacho wanakwaya hukiita baa, kina kweva sita, yaani nota sita za moja ya nane, katika zote mbili. Tofauti imo katika uzito. Hesabu moja hadi sita bila kusita, ukirudia, na upige kofi kwenye moja na nne: hiyo ni 6/8, mapigo mawili makubwa, kila moja lina tatu ndani yake. Endelea kuhesabu kwa kasi ile ile, lakini makofi yaangukie moja, tatu na tano: hiyo ni 3/4, mapigo matatu, kila moja lina mawili ndani yake. Kitabu hukupa moja kati ya hizo. Ngoma hukupa zote pamoja. Mtu aliyekulia Newala, Tandahimba au Masasi ameiona sindimba ikichezwa, ameona ngoma zikiotwa kwenye moto wa nyasi ili ngozi ikaze na sauti ipande, na amesikia kinganga kidogo chenye sauti kali kikishindilia mgawanyo wake wakati ngoma kubwa inazungumza kwa mgawanyo mwingine. Mbili dhidi ya tatu, jambo ambalo mwanafunzi wa piano huhangaika nalo kwa miezi, yeye amelibeba mwilini.

Kinachomtatiza ni kuliandika, kwa kuwa mistari ya vipimo hudhani kwamba kuna moja iliyo moja kwa kila mtu. Katika ngoma, pigo la msingi mara nyingi limo miguuni mwa wachezaji, na huenda hakuna ngoma hata moja inayoligonga. Ukiandika kwa kusikiliza ngoma peke yake, bila kutazama miguu, utauweka mstari wa kipimo mahali pasipostahili na ukurasa mzima utajaa alama za kuahirisha mapigo, ilhali mchezaji haoni chochote kilichoahirishwa. Anayepewa kazi ya kuandika ngoma ya kwao kwa nota, kazi ambayo hutolewa mara kwa mara vyuoni, na aanze na miguu.

Jambo jingine ambalo vitabu vya nadharia vilivyoandikwa kwa Kiingereza haviwezi kulisema, kwa sababu haliwahusu, ni uzito wa silabi katika Kiswahili. Lugha yetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: aMAni, fuRAha, BWAna. Kwa hiyo kila mstari wa ubeti wa Kiswahili huishia kwa silabi nyepesi. Nyimbo nyingi za Kiingereza na Kijerumani, kinyume chake, huishia kwa silabi nzito moja inayotua juu ya pigo zito, na tuni zake zimepimwa hivyo. Tuni kama hiyo ikivishwa maneno ya Kiswahili, silabi ya mwisho iliyo nyepesi hupewa nota ndefu na nzito kuliko zote, na kanisa zima likaimba bwaNA na furaHA. Watu wamezoea, lakini mtunzi anayejifunza leo hana sababu ya kulirudia kosa lililosababishwa na tafsiri.

Tujaribu mstari mdogo: Tunatoka Newala. Silabi nzito ni TO na WA, kwa hiyo hizo ndizo zikae mara tu baada ya mstari wa kipimo, na tu-na zitangulie kama mapigo ya kuingilia. Mtu anaweza kuandika so, so ya chini kwa tu-na, kisha do, re, mi kwa to-ka-ne, na re, do kwa wa-la. Maneno yamekaa vizuri. Lakini tazama kodi: WA iko juu ya re, inayotaka kodi ya tano, na silabi ya mwisho, LA, ndiyo inayopokea do na kodi ya kwanza, kwenye pigo jepesi. Mwalimu aliyesoma kwa vitabu vya Ulaya atasema kituo kimetua mahali dhaifu, na kwa kipimo cha vitabu hivyo atakuwa na haki. Suluhisho ninalolipenda ni kuisogeza kodi ya tano nyuma: ne iimbwe kwa re, kisha silabi WA na LA zote ziimbwe kwa do, ya kwanza nzito na ya pili nyepesi. Maneno hayajavunjwa, kituo kimetua juu ya pigo zito, na mstari una ile tabia ya kushuka mwishoni ambayo ni ya mazungumzo yetu ya kila siku. Zoezi dogo kama hili linafundisha mapigo, kodi na lugha kwa pamoja.

Zimebaki saa za sikio, ambazo huwa na sehemu mbili: imla ya muziki, ambapo mwalimu anapiga na mwanafunzi anaandika, na kuimba kwa kusoma papo hapo, ambapo mwanafunzi anapewa nota asizowahi kuziona na kuambiwa aimbe. Anayejua solfa asiiache nje ya chumba cha mtihani. Katika imla, aiimbe kimoyomoyo do ya kii iliyotolewa, asikie kila nota kwa cheo chake, aandike vyeo hivyo kwa penseli, ndipo avigeuze kuwa nota kwenye mistari. Wanaojaribu kukisia herufi moja kwa moja hupotea baada ya nota ya tatu, isipokuwa wale wachache waliozaliwa na sikio linalotambua sauti kwa jina, na hao si wa kuigwa.

Liko pia jambo la kinanda na kwaya kutopatana, ambalo huonekana kama uzembe wa waimbaji lakini lina sababu ya kihesabu. Kipimo cha kimataifa kinaiweka A iliyo juu ya C ya kati kwenye mitetemo 440 kwa sekunde. Kwa kinanda kilichopangwa kwa kipimo hicho, G iliyo chini yake ni kama 392. Waimbaji wasio na ala, wakitafuta so iliyotulia kabisa juu ya do hiyo, huelekea uwiano wa tatu kwa mbili, yaani 588. D ya kinanda ni kama 587.3, na tofauti hiyo haimsumbui mtu. Kwa mi, uwiano unaotulia ni tano kwa nne, yaani 490, lakini B ya kinanda ni karibu 493.9, na hapo sikio zuri linashtuka. Kinanda kimegawanya oktavu katika hatua 12 zilizolingana ili kiweze kupiga kii zote bila kupangwa upya, na gharama ya usawa huo imelipwa hasa na mi. Kwaya iliyoimba beti tatu bila ala kisha ikapokewa na kinanda kwenye beti la nne inaweza kujikuta mbali kidogo nacho hata kama hakuna aliyelala.

Wengi wanaojiandaa na mitihani hii wakiwa nyumbani, Nachingwea au Mikindani, hawana kinanda. Simu inatosha. Programu nyingi za kupangia ala hutoa A ya 440, na A moja inatosha kumpa mtu kii zote, maadamu anajua inashika cheo gani katika kila moja. Katika kii ya A yenyewe, ni do. Katika G ni re, kwa hiyo ushuke toni moja. Katika F ni mi, katika E ni fa, katika D ni so, katika C ni la. Katika B flati ni ti, kwa hiyo panda nusu toni na umefika. Kwenye karatasi iliyoandikwa Do = E flati, A haimo katika skeli; kwa wenyeji wa kii hiyo ni fe, hivyo iimbe kama fe, panda nusu toni ufike so, kisha shuka fa, mi, re, hadi do.